Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Jumanne, 4 Machi

Shangazi ameletwa leo. Pua imebonyea, taa ya kushoto inaning'inia. Miaka hamsini na saba gari hili halijawahi kuingia gereji likivutwa na kamba. Siku zote limeingia na Baba kwenye usukani, honi mbili getini, "Fundi, fungua!"

Nimelisukumia kwenye banda la nyuma, nikawaambia wenzangu asiliguse mtu. Nikafungua boneti. Nilijua nitakachokiona, nikaangalia hivyo hivyo.

Juu ya boksi la usukani kuna skrubu moja na nati yake. Baba huwa anaipaka rangi ya kucha ya Mama, ile nyekundu, mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye skrubu, ili ikisogea hata unywele ajue. Mstari umekatika. Nusu iko huku, nusu iko kule.

Nimeikaza mimi. Acha niandike, maana kusema sijaweza. Nimeikaza mimi, Jumamosi, mchana kweupe, na akili zangu timamu!

Baba alilileta nibadilishe tairodi, vile vyuma vinavyoshikisha magurudumu kwenye usukani. Nikabadilisha. Usukani ukawa bado una mchezo — unauzungusha vidole vitatu ndipo magurudumu yanajua kwamba yameitwa. Boksi limelika, nikamwambia tutafute jingine. Akasema tutaona mwezi ujao. Na skrubu ile nisiiguse, hilo hakuwa na haja ya kulisema. Amelisema tangu nina miaka kumi na mbili: boksi hulika katikati, pale pa kwenda moja kwa moja, kwa sababu ndiko tunakokwenda kila siku. Ukikaza mpaka mchezo wa katikati uishe, kwenye kona patabana, na usukani hautarudi. Ukilazimika, robo mzunguko. Kisha unainua magurudumu na kuuzungusha mwisho hadi mwisho, ukisikiliza kwa viganja.

Mimi nimekaza mzunguko mzima na kidogo. Nilitaka kumfurahisha tu. Kulikuwa na mteja nje anapiga honi kama ana mke wa kujifungua, nikafunga boneti. Sikuinua magurudumu. Sikupaka mstari mpya. Hata kwenye kadi ya kazi nimeandika tairodi mbili na oili, basi. Na Baba ndiye aliyeanzisha kadi hizo! Kisichoandikwa kwenye kadi hakikufanyika, ndivyo anavyosema.

Alipolijaribu barabarani alirudi anacheka. Eti nimemrudishia Shangazi usichana. Akadhani ni tairodi. Nami nikatabasamu. Lile tabasamu, ningeweza kulitapika ningelitapika.

Jumapili asubuhi, kona ya tangi la maji, usukani ukaenda kushoto na ukakataa kurudi. Wakaingia ukutani. Mama alikuwa amekaa upande huo. Nyonga imevunjika.


Jumatano, 5 Machi

Wodi. Mama amelala chali, mguu umefungwa, na bado anauliza kama nimekula. Upasuaji ni Jumamosi.

Kaka alikuwepo, na tai yake ya ofisi ya bima. Anasema Baba amewaambia askari wa barabarani, daktari, na kila aliyeuliza: mikono yake iliganda kwenye usukani. Miaka sabini na minane, kaka akasema, tulitegemea nini?

Mama akakataa. Akasema mumewe hakuzubaa, alikuwa anamtazama. Alikuwa anauvuta ule usukani kama mtu anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni.

"Mama, unamtetea mumeo," kaka akasema.

"Sasa nimtetee wa nani?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema nakwenda kuisuuza chupa. Chupa safi! Nimeisuuza dakika ishirini.


Alhamisi, 6 Machi

Baba hatoki chumbani. Nimemkuta ameketi kitandani, viganja juu ya magoti, anavitazama kama vya mtu mwingine.

"Fundi, hebu niangalie. Vinatetemeka?"

"Havitetemeki, Baba."

"Basi vinajificha. Vinangoja nishike usukani."

Ameendesha malori ya nguzo za simu miaka thelathini na moja, usiku na mchana, hajawahi kugusa hata kuku. Gereji aliianzisha kwa mikono hiyo hiyo. Alipoamua kuniachia mimi, kitinda mimba na mwanamke, kaka alisema gari si sufuria. Baba akamjibu mbele ya wageni: huyu ana viganja vinavyosikia, wewe una viganja vya kugonga mihuri. Kaka hajasahau. Mimi pia sijasahau, na leo hilo ndilo linaloniua.

Kaka ameshapanga. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, Mama akitoka wodini, tunakaa kikao. Baba anakabidhi ufunguo. Halafu apimwe macho, mikono na kichwa.

Nimemwambia Baba nitalitengeneza gari. Nitatafuta boksi jingine, zuri. Akauliza la nini, nani ataliendesha?

Nitatafuta hivyo hivyo. Najua boksi halitasema badala yangu. Lakini nisiposhika spana nitashika kichwa.


Ijumaa, 7 Machi

Nimelitoa boksi la zamani. Nimelibeba hadi kwa mkerezaji, mzee wa mashine za kukereza vyuma, rafiki wa Baba tangu ujana. Akalibana kwenye jiliwa, akazungusha shina lake kwa mkono. Katikati laini. Nusu mzunguko kushoto — kak! Likakwama.

"Nani mshenzi aliyekaza hivi?"

Nikasema sijui.

Sijui! Limetoka kinywani lenyewe, laini, limepakwa grisi. Mzee akanitazama juu ya miwani. Akaniambia tu kwamba ndani meno yamechimbika katikati. Anaweza kujaza chuma na kukereza upya, ila wiki tatu, na hatanidanganya kwamba litakuwa kama la kiwandani.

Nimezungukia njia nyingine. Muuza spea ana maboksi mapya ya kuiga. Yanang'aa kama meno ya bandia. Nimelishika moja: ukilizungusha lina mchanga ndani, na chuma chake kalamu yangu ya chuma ya kuwekea alama imekikwaruza bila shida. Hilo baada ya mwaka mmoja tutarudi hapa hapa. Jirani yangu mchomeleaji ananishauri niachane na maboksi, nitoe mfumo mzima wa usukani kwenye kigari cha kisasa, akate, achomelee, kazi ya siku mbili. Anapenda kukata huyo! Usukani utakuwa mwepesi, sawa. Lakini urefu wa rodi hautalingana na springi za mbele za Shangazi, kila shimo gari litajipindia lenyewe. Na gari si langu nikate.

Kilichobaki ni boksi la asili, kutoka kwa gari la mtindo huo huo, lililotembea kidogo. Linasakwa kama mchumba.


Jumamosi, 8 Machi

Siku gani hii!

Mama aliingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Muuza skrepa, yule wa vyuma chakavu niliyemwagiza boksi, akapiga simu saa hiyo hiyo: amelipata! Gari kama Shangazi, limeletwa kwa meli miaka ile, mwenyewe akafa, likakaa bandani halijatembea. Kaka akaniambia niende tu, hapa nimekaa kama mshumaa. Nikaenda. Daktari alipopiga simu kwamba imekwenda vizuri nilikuwa chini ya mlima wa milango ya magari, nikalia humo humo.

Boksi zuri! Zito, halina kutu, shina linazunguka kama kijiko kwenye asali. Nililijaribu mwisho hadi mwisho mara kumi. Safari hii nililijaribu! Nikarudi gereji, nikalifunga, matundu yakakubali yote. Nikainua magurudumu, nikakaa ndani, nikazungusha kushoto.

Mchomeleaji alikuwa amesimama mbele. Akaanza kuzungusha mikono kama anayefukuza nyuki. Kulia, anasema, umekwenda kulia!

Nimezungusha kushoto.

Magurudumu yamekwenda kulia!

Tulijaribu tena kana kwamba chuma kingebadili mawazo. Kushoto, yanakwenda kulia. Kulia, yanakwenda kushoto. Ndipo nikakumbuka kumuuliza muuza skrepa usukani wa gari lile ulikuwa upande gani. Upande wa kushoto, akasema. Kwani ina tofauti?

Ina tofauti! Nje mapacha, ndani meno yamekatwa kwa kinyume. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na mimi nina gereji yenye kibao barabarani. Mchomeleaji alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kisha nikasikia kicheko changu kinageuka, nikainamia usukani. Akaacha kucheka. Akaniletea maji, akasema dada, ni boksi tu.

Si boksi tu. Kama ningeliteremsha chini bila kulijaribu, kama ningekuwa na mteja mmoja tu nje anapiga honi...


Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda kumwambia Mama. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Alikuwa bado ana usingizi wa dawa. Akanishika kidole, akasema mzuie baba yako asijilaumu, nakutegemea wewe.

Nikarudi na maneno yangu yote.


Jumatatu, 10 Machi

Muuza skrepa amekuja mwenyewe, ameinamisha kichwa, na boksi jingine ndani ya gunia. Upande sahihi. Sili, ule mpira wa kuzuia oili, inavuja, lakini meno mazima. Nimelihakikisha: kushoto ni kushoto. Nimebadilisha sili, nikatia oili nzito. Nikakaza robo. Mwisho hadi mwisho, macho nimefumba, nasikiliza kwa viganja. Halibani popote.

Shangazi ana usukani. Mimi ndiye sina. Siku nzima nimewafokea watu bila sababu, nimemfokea hata paka.


Jumatano, 12 Machi

Nimempelekea Baba chakula. Hakula. Nikamsimulia boksi la kinyume. Mchomeleaji na nyuki zake. Muuza skrepa na "kwani ina tofauti".

Alicheka! Kwanza mabega tu, kisha sauti, kisha akafuta macho kwa shuka. Akaniambia yeye mwenyewe aliwahi kufanya kosa hilo, kabla hajaoa, na aliendesha hivyo hivyo kutoka uani hadi barabarani, akaingia kwenye kibanda cha muuza viatu. Hajawahi kumwambia mtu! Nikamuuliza kwa nini. Akasema aibu ya fundi ni kama jiwe kwenye kiatu, wengine hawalioni, wewe ndiye unayechechemea.

Akavuta sahani, akala nusu. Kisha akasema, "Lile la zamani bado unalo? Niletee Ijumaa. Nataka nilifungue."

Nilikuwa na furaha kwa dakika tatu. Kisha nikaelewa alichosema.

Ningeweza kuirudisha ile skrubu. Mzunguko mmoja na kidogo nyuma, mstari mpya wa rangi nyekundu, dakika mbili. Nimeandika hapa ili nijue kwamba nimeliwaza. Nilifika hadi dukani. Kichupa cha rangi kiko kwenye droo ya benchi.


Ijumaa, 14 Machi

Sikuigusa. Nimelipeleka kama lilivyo. Njiani nikajiambia: mwache alione mwenyewe, atajua, atauliza, nami nitajibu. Akiuliza nitajibu. Niliapa.

Alivaa ovaroli. Imemlegea. Tukakaa barazani, boksi juu ya gazeti. Akalizungusha. Katikati. Kisha kushoto — kak.

Akakomea hapo hapo. Akarudisha. Akazungusha tena, polepole, kichwa ameinamisha upande kama anayesikiliza mtu nyuma ya mlango. Kak.

"Fundi. Hivi ndivyo usukani ulivyogoma."

"Ndiyo, Baba."

"Basi si mikono."

Nimeona uso wake unafunguka. Miaka kumi ilimtoka usoni! Nami nikafungua kinywa. Kweli nilikifungua.

Akavaa miwani. Akaifuta skrubu kwa kidole. Akauona mstari uliokatika, akapima kwa jicho umbali kati ya nusu na nusu. Uso ukafunga tena, polepole.

Akaniomba kadi ya kazi. Ilikuwa garini, nikamletea. Akaisoma yote, hadi tarehe na saini yangu. Tairodi mbili. Oili.

"Kwenye kadi hakuna," akasema. "Basi si gereji. Skrubu hii haiguswi na mtu ila mimi. Nimeikaza mimi." Akavua miwani. "Lakini lini, mwanangu? Sikumbuki. Sikumbuki kuikaza, sikumbuki hata kukosa kupaka rangi. Kumbe si mikono. Ni kichwa."

Hakuniuliza! Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa. Haikumpitia hata mara moja kwamba ni mimi. Angeuliza jua kama limechomoza magharibi kabla ya kuniuliza mimi.

Nilisema Baba. Akainua mkono. Akasema nisimbembeleze, kaka yangu yuko sahihi, na kesho kwenye kikao atasema mwenyewe, mbele ya Mama. Ameivunja nyonga ya mke wake kwa kusahau. Mtu mzima hangoji kosa lake lisemwe na wengine.

Akaifunga ile kadi kwenye karatasi, akanirudishia. Akanishukuru kwa kuandika vizuri.

Nimefika nyumbani, nimekaa jikoni, sijavua hata viatu. Nimemvunja Mama mfupa mmoja. Baba namvunja mzima mzima, na ananishukuru.


Jumamosi, 15 Machi

Nyumbani kwa Baba. Niko jikoni, daftari juu ya friji, naandika nimesimama.

Kaka amemleta Mama. Amemkalisha kwenye kiti cha mikono, mto mgongoni. Mama amechangamka, ameshaulizia nani aliyekunja mapazia vibaya. Nimesema naweka chai. Maji yamechemka zamani.

Baba amevaa shati la kola. Boksi liko mezani, juu ya gazeti, upande wa mstari umegeuzwa juu ili kila mtu auone. Ufunguo wa Shangazi ameuweka kando yake kabla hajaombwa.

Asubuhi nilipita gereji. Nilitoa kadi, nikachukua kalamu. Chini ya tairodi na oili palikuwa na mistari miwili mitupu. Nimeandika: Skrubu ya boksi la usukani, mzunguko mmoja na kidogo. Haikujaribiwa mwisho hadi mwisho. Nikaweka saini yangu, na tarehe ya leo, si ya siku ile — uongo umetosha. Maandishi yametoka kama ya kuku. Iko mfukoni. Kila nikipumua naisikia karatasi.

Kadi ni rahisi. Kadi haina uso. Baba ataisoma, kisha atainua macho, na hapo ndipo sijui. Akinifokea nitashukuru. Asiponifokea? Akisema "Fundi" kwa ile sauti yake? Au asiseme tena kamwe?

Kaka anasafisha koo. Anasema tuanze, ana safari.

Baba amekataa. Anasema hafungui kinywa mpaka nifike, kwa sababu mimi ndiye shahidi wake. Mimi ndiye niliyeliona boksi, mimi ndiye mwenye viganja.

"Fundi!"

Nimejibu naja. Bado naandika.

Mama anasema mwacheni mtoto, labda amejiunguza.

Kiti kimesogea. Baba anasimama. Anamwambia kaka, basi nitaanza, atanikuta njiani. Anasema, wanangu, mama yenu, mimi ndiye niliyekaza — naitoa kadi mfukoni.